Injini Ndogo Katika Nchi Isiyo na Reli



Muhula huu hakuna jambo lililobishaniwa katika shule yetu hapa Kiyovu kuliko ule mfano wa injini ya gari la moshi unaojengwa katika chumba kilicho nyuma ya karakana. Wengine wanausifu, wengine wanaucheka, na wengine wanataka chumba kile wapewe wapiga ngoma waweke vyombo vyao. Tena mmoja wa wakubwa wetu waliosoma hapa zamani, ambaye sasa anakaa Ulaya, ametuletea habari kwamba yu tayari kutununulia mfano uliokwisha kutengenezwa kiwandani, wa injini ya huko, wenye taa na rangi za kung'aa, uwekwe ndani ya sanduku la kioo karibu na mlango wa shule. Habari hiyo imewafurahisha wengi. Wanasema: basi, kazi imekwisha, ya nini kuendelea kukata mabati?

Mimi ni mmoja wa wale wakatao mabati, kwa hiyo msomaji ajue mapema nimesimama upande gani. Nasema tumshukuru sana mkubwa wetu kwa ukarimu wake, lakini tuendelee kujenga mfano wetu wenyewe, tuujenge kwa vipimo vya haki mpaka mwisho, hata zile sehemu ambazo hakuna mgeni atakayeziona. Nitatoa sababu zangu moja moja, na asiyekubaliana nami aandike katika toleo lijalo. Ndiyo kazi ya gazeti.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana wengi wanaobisha hawajapata kuingia chumbani. Injini tunayoiiga ni ya dizeli, ya aina iliyoanza kazi mwaka 1960 katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Ilitengenezwa na kampuni ya English Electric ya Uingereza, katika kiwanda cha Vulcan Foundry kilichokuwa Newton-le-Willows. Hapo kwanza ilijulikana kama daraja la 90, na baadaye ikapewa namba nyingine, daraja la 87. Nguvu yake ilikuwa nguvu za farasi 1,840. Injini hizi zilivuta mabehewa ya abiria na ya mizigo katika Kenya na Uganda, katika nchi ambayo reli yake hutoka usawa wa bahari pale Mombasa ikapanda hata Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, na shirika lile likagawanywa, injini hizi ziliendelea na kazi chini ya shirika jipya la reli la Kenya.

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya injini kama hiyo dizeli huzungusha magurudumu kama inavyofanya katika lori. Sivyo. Lori lina klachi na gia, nalo huondoka na mzigo wake kidogo kidogo. Lakini treni yenye mabehewa kumi na zaidi ni mzigo mwingine kabisa. Ukiifunga injini ya dizeli moja kwa moja na magurudumu, itazimika kabla treni haijasogea. Kwa hiyo wahandisi walitumia njia hii: dizeli huzungusha jenereta kubwa, jenereta hutoa umeme, na umeme huo hushuka kwa nyaya mpaka kwenye mota zilizo chini, karibu na magurudumu. Mota ya umeme ina sifa moja nzuri, kwamba huvuta kwa nguvu nyingi hata inapoanza kuzunguka polepole. Basi injini ya dizeli ya aina hii ni kama kituo kidogo cha umeme kinachosafiri na kazi yake.

Tena mtu akiuliza kwa nini waliacha injini za mvuke, jibu moja kubwa ni maji. Injini ya mvuke hunywa maji mengi, na kutoka Mombasa kwenda Nairobi njia hupita katika nyika kavu ya Taru. Kila tone la maji lilipaswa kutafutwa na kupelekwa penye vituo. Dizeli ilipokuja, shida hiyo iliondoka. Lakini jina halikuondoka. Mpaka leo twasema gari la moshi, ingawa moshi wa makaa na kuni ulikwisha zamani.

Sasa magurudumu. Injini hii inayo 16, juu ya ekseli 8. Ekseli 6 huzungushwa na mota, na ekseli 2, moja mbele na moja nyuma, hazivuti kitu. Kazi yake ni kubeba sehemu ya uzito tu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza kwa nini waliongeza ekseli zisizovuta. Ni swali zuri. Reli za Afrika Mashariki zilikuwa nyepesi, na uzito wote ukikaa juu ya ekseli chache, chuma cha reli kitapinda. Kwa hiyo uzito uligawanywa juu ya ekseli nyingi. Injini ilitengenezwa Uingereza, lakini umbo lake liliamriwa na reli ya kwetu.

Mfano wetu tunaujenga kwa kipimo cha 1 kwa 20. Maana yake kila mita 1 ya injini ya kweli ni sentimita 5 za kwetu. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa mita 1 baina ya chuma na chuma. Ya kwetu ina milimita 50. Fremu tumeikata katika chuma chembamba, kuta ni za bati, na vyuma vya kushikia mikono ni waya wa shaba. Magurudumu yote 16 yalichongwa kwa mashine na fundi mmoja wa Gakinjiro, kule Gisozi, naye alitulipisha nusu ya bei alipojua ni kazi ya shule. Mota ni 6, moja kwa kila ekseli ivutayo, kama ilivyo katika injini ya kweli. Dizeli hatukuweka, mahali pake pana betri, na jambo hilo tumeliandika wazi juu ya ubao ili tusimdanganye mtu.

Sababu yangu ya kwanza ni hii: kipimo hakina upendeleo. Katika insha mwanafunzi hodari wa maneno aweza kuficha asilolijua. Katika hesabu aweza kunakili jibu la mwenziwe. Lakini ukikata mlango wa chumba cha dereva ukazidi milimita 2, hautaingia mahali pake, na hakuna neno utakalouambia ukaingia. Milimita 2 kwetu ni sentimita 4 katika injini ya kweli. Nimewaona wavulana ambao hawakupenda kabisa somo la hesabu wakigawanya kwa 20 usiku kucha, bila kuambiwa na mwalimu, kwa sababu sasa wanajua namba ni za nini.

Tena kipimo hufundisha mambo ambayo kitabu huyasema na mtu asiyaamini. Urefu ukipunguzwa mara 20, eneo hupungua mara 400, na uzito mara 8,000. Chukua injini ya tani 100. Ukiijenga upya kwa vyuma vile vile katika kipimo cha 1 kwa 20, itakuwa na uzito wa kilo 12 na nusu tu. Mvulana mmoja aweza kuibeba mikononi. Mwalimu alipotuandikia jambo hili ubaoni, wengi walinung'unika kwamba amekosea hesabu. Tulipouweka mfano wetu juu ya mizani, kelele zilikwisha.

Lakini liko jambo ambalo halikubali kupunguzwa, nalo ni mwinuko. Reli ipandayo mita 2 katika kila mita 100 ni vivyo hivyo katika mfano: ubao wa mita 3 utainuliwa sentimita 6 mwisho wake. Jaribuni kuuangalia ubao huo. Kwa jicho ni kama umelala sawasawa. Hata hivyo kwa gari la moshi huo ni mlima wa kutokwa jasho, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi. Sasa fikirini barabara yetu ishukayo kutoka Kiyovu kwenda Kanogo, ambayo pikipiki huipanda zikiwa na abiria na magunia. Hakuna treni ya kawaida iwezayo kuipanda njia hiyo. Lazima izunguke kilima, au itobolewe njia chini yake.

Na pembe za kuzunguka nazo ni shida. Pembe yenye nusu kipenyo cha mita 150 katika reli ya kweli ni mita 7 na nusu katika kipimo chetu. Chumba chetu hakina nafasi hiyo. Wenzetu wengine walitaka tukunje reli ndogo iwe duara, ili injini izunguke na kuwafurahisha watazamaji siku ya wazazi. Tulikataa. Injini yetu hukimbia njia iliyonyoka, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi. Najua jambo hilo halifurahishi sana. Lakini mtu aliyejaribu kuipitisha injini ya magurudumu 16 katika pembe ya haki ameelewa kwa nini nchi ya vilima elfu haikupata reli kwa urahisi, na ufahamu huo hatausahau.

Sababu yangu ya pili yahusu zile sehemu zisizoonekana. Wanaotucheka husema: mota zimefichwa chini, nyaya zimefichwa, mabomba ya breki yamefichwa, nani atakayelala kifudifudi kuyatazama? Nasema, mwanafunzi ndiye atakayelala. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uzuri wa nje wa injini ni kazi ya siku chache, yaani rangi, namba na taa. Kile kinachoifanya ivute kiko mvunguni. Mfano wenye sura nzuri na tumbo tupu hufundisha jambo baya, kwamba kitu kinatosha kikiwa kizuri machoni. Nchi zetu zimekwisha ona vitu vya namna hiyo vya kutosha: pampu za maji zilizopakwa rangi ya buluu na hazitoi maji, na mashine zilizoletwa kwa sherehe zikasimama siku ilipokosekana nati moja ambayo hapana aliyejua jina lake.

Hapa ndipo ninapotofautiana, kwa heshima, na mkubwa wetu aliye Ulaya. Sisemi kwamba mfano wa kiwandani ni mbaya. Iko mifano ya kiwandani iliyo kamili kupita wetu, yenye kila ngazi na kila kitasa mahali pake, na walioitengeneza ni mafundi wa kweli. Lakini elimu ya mfano ule ilibaki mikononi mwa waliopima. Sisi tutapata kioo na kitu ndani ya kioo. Mgeni atasema, "Lo, kizuri!" kisha atapita. Na mwaka ujao, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiuliza nani aliyekitengeneza, tutamjibu, "Kilinunuliwa," na mazungumzo yataishia hapo.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu, nayo ni habari ya nchi yetu. Rwanda haina reli. Si kwamba haikuwahi kufikiriwa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo wa 1914 walianza tawi la kutoka Tabora kuelekea pembe ya mto Kagera, ili mali ya Rwanda ipate njia ya pwani. Vita Kuu ya kwanza ikatokea, na kazi ikasimama. Upande wa kaskazini, Waingereza waliianza reli yao Mombasa mwaka 1896, ikafika Kampala mwaka 1931 na Kasese mwaka 1956. Kasese si mbali sana nasi mtu akitazama ramani. Hata hivyo reli haikuvuka mpaka.

Kwa hiyo mpaka leo chumvi, saruji, vyuma na petroli huja kwetu kwa malori. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigali ni karibu kilomita 1,500 za barabara, kupitia Rusumo, na Mombasa ni mbali zaidi. Kila mzigo uliotoka pwani umelipa nauli ya safari hiyo. Mwaka 2018 nchi yetu na Tanzania zilikubaliana kujenga reli kutoka Isaka mpaka Kigali. Bado haijafika. Lakini Tanzania haikulala: mwaka 2024 treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Kenya nayo ilifungua reli yake mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Dalili ya mvua ni mawingu. Sijui kama reli itafika Kigali nikiwa kijana au nikiwa mzee. Najua tu kwamba ikifika, ama itatukuta tuna watu wanaojua ekseli ni nini, au itatukuta tumesimama kando ya njia tukipiga makofi.

Msomaji asidhani kwamba nasema ndoto. Liko taifa moja lililoanza na mfano mdogo kama wetu. Mwaka 1853 meli za Warusi zilifika Nagasaki, katika Japani, zikiongozwa na Putyatin, na ndani ya meli Wajapani walionyeshwa mfano mdogo wa gari la moshi la mvuke. Mwaka uliofuata Wamarekani wa Perry walileta mwingine, mkubwa zaidi, kama robo ya ukubwa wa kweli. Wakati huo Japani haikuwa na hata hatua moja ya reli. Watu wa jimbo la Saga hawakuridhika kutazama. Waliwakusanya mafundi wao, mmoja wao akiwa Tanaka Hisashige, mtengenezaji mashuhuri wa saa, na mwaka 1855 walikuwa wamekwisha kujenga injini yao ndogo, nayo ikakimbia juu ya reli zake. Reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa mwaka 1872, kutoka Tokyo kwenda Yokohama, kwa injini zilizonunuliwa Uingereza. Mwaka 1893 wakajenga injini kubwa ya kwanza katika nchi yao wenyewe.

Angalieni miaka hiyo. Toka injini ndogo mpaka kubwa ilipita miaka 38. Mfano haukuwaletea reli kwa uganga. Uliwapa watu waliokwisha kushika kitu kwa mikono, na watu hao wakafundisha wengine. Wala hawakungoja reli ije ndipo waanze kujifunza.

Sasa niwajibu wale wanaopinga, maana baadhi ya maneno yao ni ya haki.

Wanasema tuko karibu na mtihani wa taifa, na chumba kile kinatula muda. Ni kweli kwamba mtihani ni mkubwa, nami nitaufanya mwaka huu. Lakini tunafanya kazi Jumamosi alasiri tu, na mwalimu huufunga mlango saa kumi na moja. Muda huo wengine huumaliza kitandani. Tena umeme, nguvu, msuguano, uwiano na mizani vimo katika mtihani ule ule. Sijaona bado mwanafunzi aliyeshindwa fizikia kwa sababu ya kufunga nyaya za mota.

Wanasema pia: kama ni kujitayarisha kwa reli mpya, kwa nini kuiga injini ya mwaka 1960? Mbona hatujengi treni ya umeme ya Tanzania? Swali hili nalipenda. Jibu ni kwamba treni ya umeme hupata umeme wake katika nyaya zilizo juu ya njia, kisha umeme huo huenda kwenye mota. Injini yetu ya dizeli ina mota kama hizo, na juu yake imebeba kituo chake cha umeme. Mtu aliyeifahamu hii ameifahamu na ile kwa sehemu kubwa. Kinyume chake si hivyo. Wala dizeli haikuondoka duniani: reli mpya ya Kenya ilianza kazi kwa injini za dizeli. Na zaidi ya hayo, injini ya zamani imekwisha kujulikana yote, sifa zake na kasoro zake. Mwanafunzi wa tabibu huanza na mifupa.

Wengine wanasema, na hawa husema kwa sauti ndogo, kwamba injini ile si yetu, ni ya Kenya na Uganda, iliyotengenezwa na Waingereza. Nawaomba wakumbuke kwamba Rwanda ni nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na kwamba tangu mwaka 2017 Kiswahili, lugha ya ukurasa huu, ni lugha rasmi ya nchi yetu. Madereva waleta mizigo yetu huongea Kiswahili tangu bandarini mpaka Kigali. Maneno yote tunayoyatumia chumbani, reli, taruma, behewa, stesheni, karakana, tuliyakuta tayari katika Kiswahili, kwa sababu mafundi wa Mombasa, Nairobi, Tabora na Kampala waliyatumia kabla yetu. Kama twapokea maneno yao, hatuna sababu ya kuona haya kupokea na injini yao.

Basi naleta maombi matatu.

Kwanza, kwa wakuu wa shule: chumba kisihamishwe mwaka huu. Wapiga ngoma ni ndugu zetu, na ngoma zao zahitaji mahali pakavu. Lakini ukumbi una ghala mbili, na moja imejaa viti vilivyovunjika. Sisi tu tayari kuvitengeneza viti hivyo, ili ghala iwe wazi kwa ajili yao.

Pili, kwa wanafunzi wa zamani wanaokaa Nairobi: mjini humo liko jumba la kumbukumbu ya reli lililofunguliwa mwaka 1971. Mkipata siku ya mapumziko, nendeni, ombeni ruhusa, mpige picha na kupima. Picha moja ya upande wa chini wa injini au behewa, yenye rula iliyowekwa kando, kwetu ina thamani kuliko barua kumi za kututia moyo.

Tatu, kwa mkubwa wetu mkarimu aliye Ulaya: asiudhike. Twamwomba fedha ya kununua kile kilicho ndani ya kioo aitoe kwa kununua vitu viwili, kipimio cha chuma kisomacho sehemu ndogo za milimita, na mashine ndogo ya kutoboa. Vitu hivyo havitang'aa mlangoni. Vitashikwa na mikono michafu kila Jumamosi, na baada ya miaka michache vitakuwa vimechakaa. Lakini kila mkono uliovishika utakuwa umejifunza kitu.

Mimi nitaondoka shuleni mwisho wa mwaka huu, na mfano hautakuwa umekwisha. Paa bado, ngazi mbili bado, na mabomba ya breki hayajaanzwa. Nimewaonyesha wavulana watatu wa mwaka wa tatu mahali michoro inapowekwa, na mmoja wao amekwisha kunikosoa kwa milimita moja katika mlango wa pembeni. Nilipima tena mbele yake kwa rula ile ile. Mlango ulikuwa sawa. Rula ndiyo iliyolika mwisho wake. Ndiyo maana nimeanza na kipimio katika kuomba vyombo.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita,
Kiyovu, Kigali.